Sufuria ya Kupimia Nyumba

Mdogo wangu huyu tulimwita Kiguu na Njia kabla hajang'oka jino la kwanza. Mama akimtuma chumvi kwa jirani, chumvi ilifika, sikatai, lakini ilifika ikiwa imepitia kwa shangazi, imepitia kisimani, imepitia hata kwenye nyumba ya msiba ambayo yeye hakumjua marehemu wala wafiwa. Ukimwuliza alikuwa wapi, anakujibu, "Kwani chumvi si hii?"

Alipoposwa, mimi nikasema sasa ndama amepata kigingi. Mume mwenyewe alikuwa fundi wa kujenga, mtu mrefu, mpole, mwenye viganja vilivyokauka kwa saruji, na maneno yake machache kama mvua za kiangazi. Kumbe kigingi nacho huweza kung'olewa kikaburutwa pamoja na kamba. Maisha yao yote yakawa hivyo: mume kazi yake kujenga nyumba zisizohama, mke kazi yake kuhama nyumba.

Watu hawakujua sababu. Walidhani ni mgomvi, kwamba hapatani na wapangaji wenzake. Mimi ndiye ninayejua, maana nilikuwepo, na kila alipohama niliitwa. Yote yanaanzia kwenye sufuria.

Kabla ya kuolewa alifanya kazi ya kuosha vyombo kwenye jiko la hosteli ya wauguzi. Mpishi mkuu wa pale alimfundisha kuoka matunda. Hakuna ufundi mkubwa. Unachukua ndizi zilizoiva mpaka ganda limeshika madoa, unazikata, unatia vipande vidogo vya nanasi, unakamulia limau, unanyunyiza mdalasini. Juu yake unamwaga unga wa ngano uliofikichwa kwa siagi na sukari mpaka ukawa kama chenga za mchele. Unafunika. Asiye na oveni anapanga makaa chini na makaa juu ya mfuniko, ya chini machache, ya juu mengi. Ukifunua kwa wakati wake, chenga zimekauka rangi ya kahawia, na pembeni maji ya matunda yanachemka na kutoa povu kama mtoto anayepuliza mate. Inaliwa kwa kijiko, ya moto au iliyopoa.

Chumba chao cha kwanza, siku ya kwanza, alipika hiyo kwa furaha tu, akaita wapangaji wote wakala. Ilitoka vizuri, na mwaka wao pale ulikuwa mwaka mzuri. Akapata mimba. Wakahamia chumba kikubwa zaidi, akapika tena siku ya kuhamia. Ikaungua. Tulicheka, tukakwangua yale meusi, tukala ya chini, Fundi akasema moto wa nyumba mpya bado haujamjua mwenyewe. Mtoto alizaliwa humo, wa kike. Alikuwa ameanza kusimama kwa kushika ukingo wa kitanda homa ilipomchukua. Siandiki mengi hapo. Nilimkogesha kwa mikono yangu, na mikono bado inakumbuka.

Siku tuliyotoka makaburini, mdogo wangu alisimama mlangoni akakataa kuingia. Akasema, "Dada, nyumba hii ilituambia siku ya kwanza. Tukacheka."

Tangu siku hiyo hajalala kwenye nyumba ambayo haijapimwa. Wakihamia mahali, kabla kitanda hakijafungwa, sufuria inapanda jikoni. Ikitoka vizuri, wanakaa. Ikiungua, au ikitoka imepauka, vitu vinarudi kwenye mkokoteni. Na hata nyumba iliyofaulu haikuwa na usalama wa kudumu. Kijana wao, aliyezaliwa baadaye, akipiga chafya kwa wiki nzima, au paka mgeni akizalia stoo, mama mtu anasema, "Hebu tuiulize tena." Anaiuliza. Mimi nilishaacha kuhesabu. Ziko barabara katika mji huu ambazo kila kona yake nimeshikilia mguu wa meza.

Kipimo kilikuwa na masharti. Dada mkubwa awepo kama shahidi. Mtu yeyote asiguse sufuria ikishafunikwa. Na yeye mwenyewe hakai. Akishapanga makaa anatoka kwenda kutembea, ili, kwa maneno yake, nyumba na sufuria viachwe viongee. Ukweli ni kwamba hata angetaka kukaa asingeweza. Nimemwona akijaribu. Anakaa, anasimama, anafagia palipofagiwa, anakunja nguo zilizokunjwa, mwisho anakamata mlango.

Fundi hakuwahi kumbishia. Alikuwa akirudi kazini na vumbi la chokaa kwenye kope, anakuta vyombo vimefungwa, anasema, "Haya," anainama anashika upande wa kitanda. Majirani walimwona zuzu. Mimi nilimwona mtu anayeogopa kugusa kidonda cha mwenzake.

Basi, sasa nifike kwenye nyumba hii ya mwisho.

Fundi alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, nyonga ikavunjika, ikaunga vibaya. Tangu hapo anatembea kwa fimbo, hatua moja inauliza, ya pili inajibu. Mara ya mwisho walipohama hakuweza kufuata kwa miguu, wakampandisha juu ya mkokoteni katikati ya magodoro. Watoto wa mtaani wakaimba, "Mzee anauzwa! Mzee anauzwa!" Alicheka nao. Lakini niliona jinsi alivyoshika fimbo.

Kijana wao ni dereva wa lori la masafa, nyumbani anaonekana kama mwezi mwandamo. Yeye na mkewe ndio waliotafuta nyumba hii ili wazee na wao waendelee kukaa pamoja. Vyumba viwili na sebule, ua mdogo wenye bomba, choo hatua chache kutoka mlangoni, na hakuna ngazi hata moja. Mke wa kijana ni msusi. Veranda ya mbele inatazama njia ya kwenda sokoni, na kabla hata hawajaingiza mizigo yote, wanawake wawili walishamwuliza anasuka kwa mtindo gani.

Nilifika asubuhi, kama ilivyo desturi yetu, kuwa shahidi. Nilimkuta Fundi amekaa kwenye kiti uani, jua limemfika miguuni. Mdogo wangu alikuwa ndani anagombana na nanasi.

"Shemeji," Fundi akaniita kwa sauti ya chini, "hapa kuna ngazi?"

"Sioni ngazi."

"Choo je?"

"Si hicho hapo, ukinyoosha fimbo unakigusa."

"Basi mimi hapa sihami. Nitatoka nikiwa nimebebwa, na si kwa mkokoteni."

"Mwambie mkeo."

"Mwambie wewe."

"Mimi?" nikamwambia. "Nyie mmelala kitanda kimoja miaka yote hii, mimi ndiye nije kuwatafsiria?"

Akachora mstari mchangani kwa ncha ya fimbo. "Nikimwambia, ataniuliza neno moja tu. Nami sijawahi kuwa na jibu lake."

Nililijua neno hilo. Ungekuwepo siku ile ya makaburini usingeniuliza ni lipi.

Mdogo wangu akatoka na sufuria, ameikumbatia kama mtu aliyebeba maji ya watu. Chenga zimepangwa vizuri, harufu ya mdalasini imetangulia. Akaiweka juu ya jiko, akafunika, akapanga makaa juu ya mfuniko moja moja kwa koleo, midomo ikitikisika. Kisha akatuangalia wote, pamoja na mkwe wake aliyechungulia mlangoni na kitana mkononi.

"Mnajua sheria."

"Tunajua, mama," akasema mkwe.

"Mtu asiguse."

"Nani aguse moto wa watu?" Fundi akajibu.

"Na wewe dada, macho."

"Nimekuja na yote mawili," nikamwambia. "Nenda zako, unanitia kizunguzungu."

Akaenda. Tukasikia kandambili zake zikipiga barabarani, pa, pa, pa, kama mtu aliyechelewa mahali ambapo hakuitwa.

Fundi akatazama sufuria. Akatazama mlango. Akatazama sufuria. Nyonga yake mbovu, lakini siku ile niliona mguu wake mzima ukicheza chini ya kiti kama wa kijana anayengoja majibu ya mtihani.

"Shemeji, yale makaa ya juu mbona yamekufa?"

"Hayajafa. Yamevaa majivu. Ndani ni mazima."

"Yamekufa. Nyumba ile ya karibu na kiwanda cha magunia ilifeli kwa nini? Si kwa sababu juu ilipauka?"

"Fundi, hebu kaa."

Hakukaa. Akainuka na fimbo yake, akachukua koleo, akachomoa makaa mawili makubwa yaliyowaka kutoka chini ya sufuria akayapandisha juu ya mfuniko. Mtu huyu alijua saruji. Alijua kipimo cha mchanga kwa kuutia kiganjani. Jikoni hakuwa amewahi kuchemsha hata maji ya kunywa. Alipogeuka alinitazama, nami nikageuza uso nikasoma ukuta. Nilijisemea makaa mawili hayataharibu kitu.

Baadaye akaniomba nimsaidie kutafuta dawa yake ya maumivu, iliyokuwa imefungwa katika mojawapo ya yale mafurushi. Tukaingia ndani. Tulifungua furushi baada ya furushi, tukakuta viatu, tukakuta vyombo, tukakuta pazia za nyumba tatu tofauti, dawa ikawa ya mwisho.

Kumbe tulipoingia, mke wa kijana alitoka. Veranda yake ina mteja aliyesukwa nusu ya kichwa, na wengine wawili wamesharudi kuuliza. Ameshamwona mama mkwe wake akifungasha mara nyingi, na kila mara yeye ameanza upya kutafuta vichwa. Akaona lile jivu juu ya mfuniko. Huyu ni mtoto wa gesi, hajui kwamba kaa lenye jivu ni kama mzee aliyesinzia, anasikia kila kitu. Akaingiza koleo chini ya sufuria, akakomba moto wote uliobaki, akauhamishia juu. Akarudi kusuka.

Harufu ndiyo iliyotuita. Tulitoka, mimi mbele, Fundi nyuma na fimbo, na mlango wa ua ukafunguka wakati huohuo. Mdogo wangu amerudi. Alisimama akanusa mara moja tu.

Hakukimbia. Alichukua kitambaa, akainua mfuniko na mlima wake wa makaa, akauweka pembeni. Juu kulikuwa kweusi kama chungu cha zamani. Akachukua kijiko, akatoboa. Ganda likapasuka na chini yake vikatokea vipande vya ndizi, vyeupe, baridi, vilevile alivyovikata. Hata limau lilikuwa bado linanukia ubichi.

Akachutama akachungulia chini ya sufuria. Hakuna kaa hata moja.

"Nani kagusa?"

Mteja wa veranda alikuwa amekuja mpaka mlangoni, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama aliyeona jini.

"Dada, wewe ni shahidi. Nani kagusa?"

"Mumeo," nikasema, maana sijazoea uongo na sikuona sababu ya kuanza uzeeni.

"Mimi, mama," mkwe akasema palepale.

Fundi akageuka. "Na wewe?"

"Na wewe, baba?"

Wakatazamana. Wanasema penye wazee haliharibiki neno. Pale tulikuwa wazee watatu, na tazama. Mdomo wa mdogo wangu ulitaka kucheka, niliuona ukivutika upande mmoja. Kisha akatazama tena ndani ya sufuria na kicheko kikafa.

"Hii sasa ni nini? Ikiungua najua. Ikipauka najua. Hii imeungua na ni mbichi. Hii nyumba inasema nini?"

"Nyumba haisemi," akasema Fundi.

Alisema kwa upole, kama kawaida yake, lakini sote tulisikia.

"Unasemaje?"

"Nasema nyumba haisemi. Ninayesema ni mimi. Mimi hapa sihami, mama watoto. Na ukipika tena kesho nitaongeza makaa tena, na keshokutwa nitaongeza."

Mdogo wangu akasimama, kijiko mkononi. Na lile neno likatoka, kama Fundi alivyojua litatoka.

"Na mtoto je?"

Fundi akaegemea fimbo kwa mikono miwili.

"Mtoto aliuawa na homa. Homa ilikuwa mtaa mzima. Nyumba ya jirani walizika wawili, na wao hawakupika chochote."

"Unafikiri hivyo?"

"Ndivyo ninavyofikiri."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ileile."

"Na kitanda ulikuwa unabeba?"

"Nilikuwa nabeba."

"Miaka yote, unabeba kitanda, na huamini?"

"Wewe ulikuwa ukihama unalala," akasema Fundi. "Usipohama ulikuwa hulali. Kitanda ni mbao tu. Lakini sasa nyonga imekataa, na mimi siwezi tena kukubebea."

Akainama, akachukua kijiko kutoka mkononi mwa mkewe, akachota ndizi mbichi yenye vipande vyeusi, akala. Wanasema mvumilivu hula mbivu. Huyu alivumilia kuliko wote ninaowajua, na siku ile akala mbichi, akatafuna mpaka mwisho, akameza.

Mdogo wangu akageuka akatoka. Kandambili, pa, pa, pa, mpaka zikapotea.

Saa zile zilikuwa ndefu. Mke wa kijana alilia, akafuta macho kwa kiwiko, akarudi kwenye veranda kwa sababu mteja alisema kwa adabu sana, "Dada, pole, lakini siwezi kwenda nyumbani hivi." Mimi nilisugua sufuria kwa mchanga. Fundi hakutaka chakula. Kila kiatu kilichopita barabarani alinyanyua kichwa. Alisema, "Huyo siye." Akasema tena, "Huyo siye." Mara moja akajaribu kusimama amfuate, nikamwuliza, "Utafuata wapi? Hata upepo ukimfuata huyo unachoka." Akakaa. Nikaona mikono yake inapapasa mapaja kana kwamba imekosa tofali la kushika. Ndipo nilipotambua kwamba hajawahi kubaki. Siku zote kuhama kulikuwa kwake kushika upande wa pili wa kitu. Leo upande ule mwingine umeondoka peke yake.

Jua lilikuwa limeshuka kwenye bati aliporudi. Vumbi mpaka magotini. Alisimama katikati ya ua, hakutusalimia.

"Nimeona chumba," akasema. "Mtaa wa nyuma ya shule. Kina madirisha mawili."

"Eh," akasema Fundi.

"Sakafu yake nzuri. Haina ufa."

"Nani kaipiga?"

"Sikuuliza nani kaipiga, baba watoto, mimi nilikuwa naangalia chumba!" Akavuta pumzi. "Mwenye nyumba akaniuliza tuko wangapi."

"Ukamwambiaje?"

"Nilitaka kusema niko peke yangu."

Fundi akatulia kabisa. Hata mguu ule mzima ukaacha kucheza.

"Nilifungua mdomo niseme," mdogo wangu akaendelea, akajishika koo, "neno likagoma hapa. Mwanamume wa watu ananitazama, mimi nimefungua mdomo kama samaki. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia nitarudi. Sikurudi. Nimezunguka shule, nimezunguka soko, nimezunguka shule tena mpaka mlinzi akaniuliza nimepoteza mtoto gani."

Mke wa kijana akatoka akamwekea maji ya kunawa miguu, akayaweka chini polepole, akarudi ndani.

Mdogo wangu akanawa. Nilingoja akae. Kiti changu nilimwachia. Hakukaa. Akaingia sebuleni, tukamsikia akizunguka kati ya mafurushi, akigonga ukuta kwa kiganja, akisogeza kitu kwa mguu. Halafu sauti.

"Hili kabati nani kaliweka hapa?"

"Mimi, mama," akasema mkwe.

"Linaziba dirisha. Watu watapumua nini? Njoo ushike upande huu. Dada, na wewe njoo, usijifanye mgeni."

Tukalihamisha. Alilitazama kwenye ukuta wa pili, hakuridhika, tukalipeleka wa tatu. Kisha meza. Kisha mafurushi yakafunguliwa, na kila kitu kilichotoka kilihamishwa angalau mara mbili kabla ya kupata mahali. Fundi alikaa mlangoni akitazama, na niliona amelaza fimbo sakafuni.

Wako hapo hadi leo. Msusi ana vichwa mpaka vya kukataa. Lakini usidhani mdogo wangu ametulia, hilo simtakii, litakuwa dalili ya ugonjwa. Nyumba ile sijaikuta ikiwa vilevile mara mbili. Leo kitanda kinatazama mlango, wiki ijayo kinaupa mgongo. Kijana wao aliwahi kurudi safarini, akavua viatu, akajitupa kitandani kama alivyozoea, akaangukia ndoo za maji.

Juzi nimepita kuwasalimu. Nilimkuta Fundi katikati ya sebule juu ya kiti chake, vyombo vyote vimemzunguka, hana ukuta wa kuegemea.

"Karibu, shemeji," akaniambia. "Leo hata sijui mimi ni wa upande gani."

Sauti ikatoka nyuma ya kabati, inahema. "Inua miguu, baba watoto, meza inapita."

Akainua.